Kitabu cha Ngamia Juu ya Mafiga

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Ileje, Tulinagwe alikuwa amekwisha kushuka mtoni na kurudi na mtungi kichwani, amefagia uwanja na kuwafungulia mbuzi wa baba yake. Mama yake, Marita, aliwaambia majirani kwamba binti yake anapenda kazi kuliko wasichana wote wa kijiji. Masikini mama, hakujua. Tulinagwe alikuwa anawahi tu. Akimaliza mapema alikaa nyuma ya jiko, juu ya kinu kilichopinduliwa, akasoma kurasa tatu au nne kabla kengele ya shule haijagongwa.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la nne katika shule ndogo ya misheni. Ilikuwa mwaka 1952. Shule haikuwa na maktaba, ila ilikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Wapagazi walikuwa wamelileta kutoka makao ya misheni, na mwezi wa Juni wangelichukua tena kulipeleka shule nyingine. Ndani yake mlikuwa na vitabu ishirini na vitatu vya Kiswahili. Watoto hawakuviita kwa majina yaliyoandikwa juu yake, bali kwa picha za majalada: kitabu cha nyuki, kitabu cha mnara, kitabu cha ngamia, na kadhalika.

Nyuma ya daftari lake la hesabu Tulinagwe alikuwa amepiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika "Nimesoma", upande wa pili "Nitasoma". Upande wa kwanza kulikuwa na kitabu cha nyuki, kilichomfanya amshauri baba yake juu ya mizinga asubuhi na jioni mpaka mzee Gwakisa akaomba apumzishwe. Kulikuwa na kitabu cha mnara, habari za binti wa mlinzi wa taa ya pwani. Alipomsimulia bibi yake kwamba bahari haina ng'ambo inayoonekana, bibi alicheka akasema maji yasiyo na ng'ambo ni uongo wa watu wanaoandika vitabu. Yeye aliujua Mto Songwe, na ng'ambo yake aliiona vizuri.

Upande wa "Nitasoma" kulikuwa na vitatu. Kitabu cha nyota, ambacho alikitamani kuliko vyote. Kitabu cha gari moshi. Na mwisho, kile kinene kisicho na picha hata moja, ambacho mwalimu mwenyewe ilisemekana amekiacha katikati. Tulinagwe alikusudia kukimaliza kabla ya Juni, walau apate la kujivunia.

Wakati huo alikuwa na kitabu cha ngamia. Kilisimulia habari za mfanyabiashara aliyevuka jangwa kumtafuta ndugu yake, na Tulinagwe alikuwa amekisoma mara tatu. Kila alipofika mahali ambapo maji ya msafara yanakwisha na kisima hakijaonekana, koo lake lilikauka, ijapokuwa nje mvua ya Machi ilikuwa inamiminika.

Sanduku lilikuwa na sheria yake. Mwaka uliotangulia mvulana mmoja aliweka kitabu chini ya kitanda, na mchwa wakakila mpaka likabaki jalada. Tangu siku hiyo Mwalimu Hezron alitangaza kwamba atakayeharibu kitabu, jina lake litafutwa katika daftari la wasomaji, na hatagusa sanduku tena mpaka liondoke. Mwalimu Hezron hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alilolisema alilitenda. Tulinagwe aliwaogopa mchwa kuliko chui.

Jumapili moja habari zilikuja kwamba shangazi yake, aliyeishi kilima cha pili, amejifungua. Tulinagwe alitakiwa aende akamsaidie kuteka maji na kutafuta kuni mpaka Alhamisi. Mwalimu alimpa ruhusa. Kilichobaki ni kitabu. Kukibeba kwenye mvua haikuwezekana, na kukiacha chini ni kuwakaribisha mchwa. Akamwuliza bibi yake, Elizabeti, ni wapi katika nyumba ile ambapo mdudu hafiki.

Bibi hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye uchaga, ile dari ndogo ya miti iliyokuwa juu ya mafiga. Huko ndiko zilikowekwa mbegu za mahindi na ulezi, zikipigwa na moshi mwaka mzima, na hakuna dudu lililothubutu kuzigusa. Bibi alisema mama yake alihifadhi mbegu hivyo, na mama wa mama yake pia. Tulinagwe akaona ni shauri jema. Alikiviringisha kitabu katika kitambaa, akakiweka katikati ya mahindi, akaenda zake akiwa na amani.

Alirudi Alhamisi jioni, jua halijazama. Hata kabla ya kunawa miguu alipanda juu ya kigoda, akapapasa katikati ya mahindi, akakitoa.

Kitambaa kilikuwa cheusi na chenye unyevu. Alikifungua upesi. Mvua ya siku zile nne ilikuwa imepenya kwenye nyasi kuukuu za paa, ikashuka na masizi ya miaka mingi na kudondokea uchaga. Chini yake, kwa sababu ya baridi, moto ulikuwa umekokwa mchana kutwa. Jalada lilikuwa limejikunja. Gundi ya mgongoni ilikuwa imeyeyuka, na kurasa za katikati zilikuwa zimegandana, zimechirizika michirizi myeusi. Picha ya ngamia haikuonekana tena ila miguu.

Hofu ilimshika. Alikaa juu ya kigoda akiwa amekibana kitabu kifuani, na jambo moja tu likawa linapita kichwani mwake: kesho ni Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ya kurudisha vitabu. Kesho jina lake litafutwa, na kitabu cha nyota kitaondoka mwezi wa Juni bila yeye kukigusa.

Hakumwambia mtu. Mama yake alipomwuliza kwa nini hali, alisema amechoka na njia. Bibi alitaka kujua kama mchwa wamekigusa kitabu, naye akajibu kwamba hawakukigusa. Hilo lilikuwa kweli, lakini alipolisema hakuweza kumtazama bibi usoni.

Baba yake alikuwa amerudi kutoka Tunduma na sukari iliyofungwa katika karatasi nzuri ya kaki. Tulinagwe aliiomba karatasi ile. Asubuhi aliifuta michirizi ya nje kwa kitambaa kikavu, akalinyoosha jalada chini ya jiwe la kusagia, kisha akakivika kitabu karatasi na kukunja pembe zake sawasawa. Ukikitazama kwa nje kilikuwa kitabu cha mtoto mwangalifu sana.

Siku zote Mwalimu Hezron alivifungua vitabu kimoja kimoja na kuvikagua. Tulinagwe alisimama kwenye mstari akijua kwamba karatasi ya kaki haitamsaidia lolote mwalimu akifungua. Mwalimu alikipokea, akakigeuza, akatazama pembe zilizokunjwa. Kisha akawaambia watoto wote watazame jinsi mwenzao anavyotunza mali ya watu.

"Cha Tulinagwe hakina haja ya kukaguliwa," alisema, akakiweka mezani.

Wako watu ambao wangefurahi. Tulinagwe alitamani ardhi ipasuke. Na kabla hajapata nafasi ya kuvuta pumzi, mwalimu alisoma jina la mtu aliyefuata kukiazima kitabu cha ngamia: Nesta.

Nesta alikuwa msichana mdogo wa darasa la tatu, yatima, aliyelelewa na mjomba wake Yonasi. Hajawahi kuazima kitabu maisha yake yote. Alikuwa amengoja zamu tangu Januari, na siku ile alikuwa amekwenda kijitoni mara mbili kunawa mikono kwa majivu. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akapiga goti, akatoka nje akitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Tulinagwe alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba. Alijua kabisa kwamba angeweza kumwita, na hakumwita.

Jumapili Nesta hakuonekana kanisani. Kila mlango ulipofunguliwa Tulinagwe aligeuka, na wimbo aliouimba kila wiki ukampotea. Jumatatu nafasi ya Nesta kwenye benchi ilikuwa tupu. Jumanne pia. Mtoto mmoja alisema amemwona shambani kwa mjomba wake akiwafukuza ngedere, na kwamba Nesta amesema hataki shule tena.

Mwalimu Hezron alishangaa. Alisema kesho, Jumatano, atakwenda mwenyewe kwa mzee Yonasi kuuliza kuna nini, na pia kuangalia kitabu. Tulinagwe aliinamisha kichwa juu ya daftari. Mwalimu atakifungua, ataona masizi, na atamuuliza Nesta. Na nani atamwamini Nesta, wakati darasa zima lilisikia kwamba kitabu cha Tulinagwe hakina haja ya kukaguliwa?

Baada ya masomo hakurudi nyumbani. Alipanda njia ya kwenda kwa mzee Yonasi, akijiambia kwamba anakwenda kutazama tu. Alimkuta Nesta kwenye kibanda cha kulindia mahindi, macho yamevimba. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimefungwa katika nguo yake ya kanisani.

"Nilikifungua tu," Nesta alisema hata kabla hajaulizwa. "Nilinawa, nikakifungua taratibu. Kurasa zikachanika. Sijui nilikosea wapi."

Nesta alieleza kwamba mjomba wake ni mzee wa kanisa, na amesema mtoto akileta aibu kwa walimu atakaa shambani daima. Kwa hiyo alikuwa ameamua kuacha shule mwenyewe, kabla hajaachishwa. Alikuwa anaogopa hata kulala. Kisha akakisogeza kitabu mbele.

"Dada, wewe umezoea vitabu," alisema. "Nionyeshe namna ya kukifungua bila kukiumiza. Labda siku moja nitapewa tena."

Tulinagwe alikuwa amebeba hofu yake siku tano na kudhani hakuna kubwa kuliko hiyo. Sasa aliiona nyingine, imekaa mbele yake ndani ya mtoto ambaye hakutenda kosa lolote, na yeye ndiye aliyeiweka humo. Alianza kulia.

"Si wewe, Nesta. Kilikuwa hivi kabla hujakigusa. Mimi nilikiweka juu ya mafiga, masizi yakakiharibu. Nikakifunika ili mwalimu asione."

Nesta alimtazama. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo ulipokuwa unaniangalia nikiondoka, ulijua?"

"Nilijua."

Nesta aligeuza uso akatazama mahindi. Tulinagwe aliona afadhali angetukanwa. Aliomba apewe kitabu, akashuka nacho kilimani.

Jioni ile aliwaambia wazazi wake na bibi yake yote, bila kuacha kitu. Mzee Gwakisa akasema kwamba kesho Tulinagwe amwendee mwalimu kabla mwalimu hajaondoka kwenda kwa mzee Yonasi. Bibi Elizabeti alisikitika, akasema shauri lilikuwa lake. Lakini mama yake alimwambia bibi asijilaumu, maana karatasi ya kaki haikuwa shauri la mtu yeyote isipokuwa Tulinagwe.

Asubuhi Tulinagwe alimkuta Mwalimu Hezron akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa ukutani. Alipiga goti, akamsalimu, akaweka kitabu juu ya kigoda na kuivua karatasi. Mwalimu alifuta povu usoni kwa taulo. Alikifungua kitabu, akajaribu kuzitenganisha kurasa, akaona zile zilizochanika. Tulinagwe alieleza yote, na sauti yake ilikuwa ndogo hata mwalimu alimwambia mara mbili arudie.

"Kwa nini hukuniambia Ijumaa?" mwalimu aliuliza.

"Niliogopa utanifuta jina, Mwalimu."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa," alisema Tulinagwe. "Lakini Nesta anaogopa kwa sababu yangu, na hilo siliwezi."

Mwalimu hakumpiga, ingawa fimbo ilikuwa pale pale. Alimwambia ashike kitabu, waende pamoja kwa mzee Yonasi. Njia ile haikuwa ndefu, lakini Tulinagwe hajawahi kutembea njia ndefu kuliko hiyo. Mbele ya mzee Yonasi alipiga magoti yote mawili uwanjani, akasema tena, kwa mara ya nne, jambo ambalo wiki nzima alikuwa ameapa kutolisema hata mara moja.

Mzee Yonasi alikuwa mtu wa sura ngumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mpwa wake aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Huyu amelia siku nne," alisema, "nami nikamwita mvivu. Nesta, mwanangu, chukua daftari lako uende shule."

Siku hiyo hiyo, mbele ya darasa, Mwalimu Hezron alifungua daftari la wasomaji na kulipiga mstari jina la Tulinagwe. Neno lake lilikuwa neno lake. Kisha akampa kazi. Kurasa nane za kitabu cha ngamia zilikuwa hazisomeki, na yeye alikuwa amekisoma mara tatu. Azitazame kwenye mwanga, asome kinachosomeka, akumbuke kisichosomeka, aziandike upya kwa mkono wake kwenye karatasi safi. Zikimalizika zitashonwa mahali pake.

Ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Kila siku baada ya masomo alikaa karibu na dirisha la shule, akiandika habari za msafara ulioishiwa maji. Kuna maneno yaliyomjia yenyewe, na kuna mengine yaliyomkwepa mpaka kichwa kikamwuma. Wenzake walibeba vitabu vyao na kwenda zao. Kitabu cha nyota alikiona kikipita kutoka mkono hadi mkono, na kila kilipopita alihisi uchungu.

Ijumaa moja ya mwezi wa Mei zamu ya kitabu cha nyota ilimfikia Nesta. Siku zote hizo Nesta alikuwa akimsalimu Tulinagwe kwa heshima na kupita. Siku hiyo hakupita. Alikaa kwenye benchi upande wa pili wa dirisha, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, akitia kidole chini ya kila neno. Alipokwama alimtazama Tulinagwe, naye akamsaidia, na ikawa hivyo kila siku mpaka kitabu kikaisha. Hakuna aliyeeleza kitu. Mwalimu Hezron aliwaona kutoka mlangoni. Alikuwa amepiga marufuku Tulinagwe kugusa sanduku, lakini hakusema neno juu ya kusikiliza, kwa hiyo aligeuka akaendelea na shughuli zake.

Wiki ya mwisho kabla wapagazi hawajafika, Tulinagwe alipeleka kurasa zake. Mwalimu alizisoma zote akiwa amesimama. Kwenye ukurasa wa sita alisita. Katikati ya maandishi kulikuwa na nafasi ya mistari miwili, na ndani yake yaliandikwa maneno haya: "Hapa masizi yamefunika, nami sikumbuki."

"Ungeweza kutunga kitu," mwalimu alisema. "Hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua," Tulinagwe alijibu.

Mwalimu Hezron aliwaita watoto wote wakae. Alichukua sindano na uzi, na huku akizishona kurasa aliwaambia:

"Kitabu hiki kiliharibiwa na moshi. Moshi hauna kosa, na bibi wa watu hana kosa. Kinachohifadhi mbegu hakihifadhi karatasi, na hilo sasa tumejifunza wote. Kosa lilianza siku ilipotafutwa karatasi ya kukifunika. Kila mtu huharibu kitu siku moja, hata mimi. Ukisema mapema, unabeba aibu yako peke yako, na aibu hupita. Ukificha, hofu yako haiishi. Inamwendea mwingine, na mara nyingi inamwendea mdogo asiye na wa kumtetea. Msiogope kuja kwangu na kitabu kibovu. Ogopeni kuja na kizuri cha nje tu."

Alikata uzi kwa meno, akampa Tulinagwe kalamu. Tulinagwe akaandika kwenye ukurasa wa mwisho kwamba kurasa nane ziliharibiwa na yeye, Tulinagwe binti Gwakisa, na kwamba ni yeye aliyeziandika tena.

Wapagazi walifika Jumatatu. Sanduku lilipoinuliwa, Tulinagwe alifungua daftari lake la hesabu mahali penye mstari wa katikati. Chini ya "Nitasoma" kulikuwa bado na kitabu cha gari moshi na kile kinene kisicho na picha, na wakati huo vyote viwili vilikuwa vinateremka kilima mabegani mwa watu. Aliviacha hapo hapo. Kisha, upande wa "Nimesoma", aliandika: "Kitabu cha nyota. Nilisomewa na Nesta."